Swali la Tisa

Tukuyu iliamka haijavua blanketi la ukungu.
Nilipanda na boksi la sampuli: biskuti, tambi, supu ya unga,
na madodoso arobaini yaliyochapwa Mbeya mjini,
yananuka wino.

Darasa la tano, shule iliyo juu ya mashamba ya chai,
watoto watatu watatu kwenye dawati,
masweta ya kijani yametoboka viwiko.
Nikawaambia: huu si mtihani.
Hakuna aliyeniamini.
Mtu mzima mwenye karatasi na saa
ni mtihani.

Swali la kwanza: tafuta sukari kwenye jedwali.
Vidole vikatambaa juu ya plastiki
kama vya mama anayesaka mwiba katika wayo.
Herufi ndogo, ndogo kuliko ulezi.
Ipyana akauliza kama aliyeziandika
alikuwa hataki zisomwe.
Dodoso halina kisanduku cha swali la mtoto.

Swali la nne: pakiti hii inatosha watu wangapi?
Jibu sahihi, wawili na nusu.
Gwantwa akaandika saba.
Nilipopita mgongoni mwake nikanong'ona, soma tena.
Akasoma tena. Akahesabu kwa vidole,
Sekela, Lusajo, wale pacha, mama, bibi,
kidole cha mwisho akajigusa kifuani,
akaiacha saba palepale.
Nikatia kosa.

Kisha la tisa:
bidhaa ipi ina chumvi nyingi zaidi?

Mvua ikaanguka kwenye bati, ile ya Rungwe isiyobisha hodi.
Tukangoja ipunguze sauti.
Gwantwa alikuwa anaigeuza pakiti ya tambi, juu chini, nyuma mbele,
kama mtu aliyeambiwa mgeni wake kashashuka
na stendi haimwoni.
"Mwalimu,"
(mimi si mwalimu, lakini niliitika)
"chumvi haimo. Nimesoma yote.
Kuna wanga, kuna mafuta, kuna sodiamu.
Chumvi haimo.
Nitamwambia bibi hizi anaweza kula.
Ana presha, nesi alimkataza chumvi."

Mwongozo wa mtafiti, ukurasa wa pili, wino mzito:
Usimsaidie mshiriki.
Usifafanue neno lolote.
Nikakaa na neno mdomoni
kama mtu aliyesukutua
akakosa pa kutema.

Nikasema.
Nikasema sodiamu ni chumvi hiyohiyo,
imevaa suti tu.
Darasa likacheka, likafuta, likaandika upya.
Vifutio vilikuwa viwili,
vikazunguka mkono kwa mkono kama kibuyu cha maziwa.

Basi swali la tisa limeharibika: wamepata wote.
Msimamizi ataniuliza mbona chati
inatembea chini chini halafu hapo
inaruka kama mbuzi.

Mlangoni Gwantwa alinifuata na parachichi,
moja ya yale yaliyokataliwa na wanunuzi, lina kovu ubavuni,
kibandiko bado kimeng'ang'ania.
Akasoma namba. Akageuza.
"Hili mbona halina jedwali?
Au jedwali lake linasomwa
na wale watakaolila?"
Nikatazama viatu vyangu, vimejaa tope jekundu.
Akanipa parachichi.
Kibandiko akakibandua, akakibandika kwenye daftari lake la hisabati.

Usiku gesti, nikapiga hesabu kwa tochi ya simu, umeme umekatika.
Wastani wa uelewa: nne nukta mbili
kati ya kumi na mbili.
Nikaiandika vizuri, nukta na yote.
Nikarudi kwenye karatasi ya Gwantwa, swali la nne,
nikaitazama ile saba, imeandikwa kwa kukandamiza
hadi imetokeza upande wa pili.
Sikuifuta alama yangu. Niliandika pembeni, kwa penseli,
majina niliyoyakumbuka. Yalikuwa manne.

Njaa ikaniuma. Boksi lilikuwa karibu.
Nikachana pakiti ya sampuli, biskuti, namba kumi na moja,
nikala watu wawili na nusu
peke yangu, gizani,
bila kusoma.